Maswali yenu: hii foleni inatoka wapi hasa?

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu foleni za magari nikapita zangu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zilizokuja ni nyingi kuliko hata siku tuliyoandika mambo ya ndoa, na mambo ya ndoa ndo huwa yanaongoza. Basi safu yote ya leo ni foleni na hizi huduma mpya za usafiri za kwenye simu. Barua ndefu nimezifupisha, na waliotukana nimetoa matusi nikabakiza swali.

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi ni dereva wa gari la mizigo. Juzi nimekaa barabara kuu karibu nusu saa, tunasogea tunasimama, tunasogea tunasimama, nikajua mbele kuna ajali tu. Nafika mbele hamna kitu! Hamna ajali, hamna polisi, hamna hata gari bovu, barabara nyeupe kabisa. Sasa wale wote walikuwa wanasubiri nini?

JIBU: Pole sana dereva. Walikuwa wanasubiri breki ya mtu ambaye saa hiyo alishafika kwake kashavua na viatu.

Hili limepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walitoa matokeo ya jaribio rahisi mpaka unacheka, walichukua duara la mita 230, wakaweka magari 22, wakawaambia madereva zungukeni kwa kilomita 30 kwa saa, basi. Hamna taa, hamna makutano, hamna wa kuchomekea. Mwanzo wakaenda vizuri, baada ya muda nafasi kati ya magari zikaanza kutofautiana kidogo, mmoja kamkaribia wa mbele kagusa breki, wa nyuma yake kachelewa kuona kwa hiyo akakanyaga zaidi, anayemfuata akakanyaga zaidi ya huyo, mpaka huko nyuma kuna mtu kasimama kabisa. Na lile kundi la waliosimama likawa linarudi nyuma kwa kasi ya kama kilomita 20 kwa saa wakati magari yenyewe yanaenda mbele! Yaani foleni ilikuwa inatembea kama wimbi la bahari, maji yale yale hayaendi nalo, linapita tu.

Kwa hiyo wewe ulipofika mbele ukakuta kweupe, foleni haikuisha bwana, ilikuwa imeshakupita, iko nyuma yako inawala wenzako. Leni moja ya barabara kuu hupitisha magari kama 2000 kwa saa, na ikikaribia hapo inakuwa kama sufuria lililojaa mpaka mdomoni, mtikisiko mdogo tu unamwaga. Magari yakiwa machache breki ile ile inamezwa na nafasi iliyopo, hakuna hata anayejua kama kuna mtu alikanyaga.

Dawa ya dereva mmoja mmoja ni kuacha nafasi mbele na kwenda mwendo wa taratibu usiobadilika badala ya kukimbia kwenda kusimama. Mwaka 2018 watafiti waliofanya majaribio Arizona, Marekani, walitoa matokeo ya kulirudia lile duara wakiwa na magari ishirini na kitu, ila moja wakalifanya lijiendeshe lenyewe kwa mwendo huo wa utulivu. Mawimbi yakafa, na matumizi ya mafuta yakashuka hadi asilimia 40. Gari moja tu! Najua utaniambia ukiacha nafasi mtu anachomekea. Acha achomekee, amekuchelewesha sekunde mbili, breki yako ya hasira inawachelewesha watu mia.

SWALI: Mi nashangaa mnazunguka mbuyu. Barabara nyembamba, magari mengi, panueni barabara yaishe. Leni mbili ziwe nne, nne ziwe nane. Utafiti wa nini?

JIBU: Hili ndilo swali lililokuja mara nyingi kuliko yote, na wengi wameliuliza kwa hasira kabisa, kwa hiyo nipeni nafasi nilijibu taratibu.

Hesabu yako ingekuwa sawa kama idadi ya safari ingekuwa imegandishwa, haibadiliki. Lakini haiko hivyo. Kuna watu leo wanatoka alfajiri kuikwepa foleni, kuna wanaopita njia za pembeni, kuna waliopanda treni kwa sababu gari haifai, kuna walioahirisha safari kabisa. Siku umefungua leni mpya wote hao wanasikia kuwa barabara imekuwa nyepesi, wanarudi saa ile ile moja na nusu asubuhi. Baadaye watu wanahamia mbali zaidi maana barabara ni nzuri, biashara zinajengwa pembeni yake, na baada ya miaka michache mko pale pale, tofauti ni kwamba sasa mmebanana kwenye leni nane. Mchumi Anthony Downs aliliandika hili tangu 1962. Mwaka 2011 wachumi wawili, Gilles Duranton na Matthew Turner, walipima miji ya Marekani wakakuta kilomita zinazoendeshwa kwenye barabara kuu zinaongezeka karibu sawa kwa sawa na urefu wa leni unaoongezwa, ongeza leni asilimia 10, uendeshaji nao unapanda karibu asilimia 10. Mfano unaotajwa sana ni Katy Freeway ya Houston, ilimalizwa kupanuliwa 2008 na sehemu nyingine ukihesabu na barabara za pembeni inafika leni 26, ni uwanja wa ndege ule. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari saa za asubuhi ukapanda kama asilimia 30, na jioni kama 55.

Na kuna kituko zaidi. Mwanahisabati Mjerumani, Dietrich Braess, mwaka 1968 alionyesha kuwa unaweza kujenga barabara mpya na kila mtu akachelewa zaidi, hata kama hajaongezeka dereva mmoja. Chukua kalamu tufanye pamoja. Magari 4000 yanatoka mji mmoja kwenda mwingine, njia ziko mbili. Kila njia ina kipande kipana kinachochukua dakika 45 hata mkiwa wangapi, na kipande chembamba ambacho dakika zake ni idadi ya magari ugawe kwa 100. Tofauti ni kwamba njia ya kwanza inaanza na chembamba inamalizia na kipana, ya pili kinyume chake. Watu watajigawa nusu kwa nusu, 2000 huku 2000 kule, dakika 20 jumlisha 45, wote wanafika kwa dakika 65.

Sasa serikali inajenga kipande cha kuunganisha katikati, kifupi sana, tuseme hakichukui hata dakika. Kila dereva anapiga hesabu yake: nikipita chembamba cha kwanza, nikakatiza katikati, nikamalizia na chembamba cha pili, hata tukijaa wote ni dakika 40 na 40. Ni 80. Na nikienda kwenye kipana ni 45 jumlisha 40, ni 85. Kwa hiyo wote wanakatiza, wote wanatumia dakika 80, na hakuna mmoja mwenye faida ya kuacha. Juzi walikuwa wanatumia 65. Barabara imezinduliwa, utepe umekatwa, watu wamechelewa robo saa zaidi.

Kinyume chake pia kimetokea kwenye maisha ya kweli. Seoul, Korea Kusini, kulikuwa na barabara kuu ya juu imejengwa juu ya mto Cheonggyecheon, magari zaidi ya 100,000 kwa siku. Walianza kuibomoa 2003, mto ukafunguliwa 2005, na jiji halikusimama kama wengi walivyotabiri. Ila nisikudanganye, katikati ya kazi ile, 2004, waliyapanga upya mabasi yote ya jiji, kwa hiyo sifa siyo za ubomoaji peke yake.

Sisemi barabara zisijengwe. Barabara mpya inafanya watu wengi zaidi wasafiri na hiyo ni faida halali kabisa. Nachokataa ni kuiuza kama dawa ya foleni.

SWALI: Hivi ile ramani ya kwenye simu inajuaje kuwa mbele kuna foleni? Kuna kamera kila mahali au?

JIBU: Kamera ni wewe, dada yangu. Simu yako ikiwa na ramani na umeruhusu iseme ulipo, inatuma mahali ulipo na kasi yako, na simu za wenzako hivyo hivyo, mitambo inazijumlisha inaona hapa simu 50 zinatambaa wakati saa kama hii huwa zinakimbia, inapaka rangi nyekundu. Zamani ili kupata taarifa hizi ilibidi kuchimba lami na kufukia nyaya za kuhesabu magari.

Kwa kuwa inahesabu simu na siyo magari, inadanganyika. Mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alijaza simu 99 kwenye kigari cha kuvuta kwa mkono akawa anatembea nacho taratibu katikati ya barabara tupu. Ramani ikaonyesha foleni nyekundu ya kutisha. Nimecheka siku nzima.

Kasoro yenyewe kubwa siyo hiyo lakini. Rudi kwenye hesabu ya Braess hapo juu: kila mtu akipewa njia iliyo bora kwake yeye, jumla yao inaweza kuwa mbaya kuliko wangegawanywa. Apu inakutafutia wewe dakika tatu, na hao wa mitaa ya ndani ambako watoto wanacheza wanashangaa malori yametoka wapi.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni kijana naendesha teksi ya mtandao. Kila siku tunaambiwa sisi ndo tumeleta foleni, na wakati tulivyoanza tuliambiwa tutaipunguza maana watu wataacha magari nyumbani. Ukweli ni upi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukweli hautakufurahisha, ila kosa siyo lako.

Utafiti mzuri ninaoujua ni wa San Francisco, ulitoka 2019. Walilinganisha 2010, kabla huduma hizi hazijashika, na 2016 zikiwa zimetapakaa. Saa ambazo magari yanapoteza kwenye msongamano siku za kazi zilipanda asilimia 62. Wakauliza, je, zingepanda kiasi gani bila teksi za mtandao, maana watu na ajira navyo viliongezeka? Jibu likawa asilimia 22. Hiyo tofauti ndiyo yenu.

Sababu unazijua kuliko mimi. Gari linazunguka tupu likisubiri oda, linaenda tupu kumfuata abiria, likifika linasimama leni ya pembeni na taa za dharura kumshusha, na nyuma yake watu kumi wanabadilisha leni, unakumbuka yale mawimbi ya breki? Halafu wateja wenu wengi hawakuacha gari nyumbani. Waliacha basi, au waliacha miguu yao, na wengine safari yenyewe wasingeenda.

Mimi kila huduma mpya inapokuja na matangazo yake naiuliza swali moja tu: gari gani limeondoka barabarani? Ukinionyesha nitakupigia makofi. Kama ni mtu ametoka kwenye basi la watu 60 akaingia kwenye kiti cha nyuma peke yake, hapo gari limeongezeka, hata programu iwe na rangi nzuri namna gani.

Mkipakia watu watatu wanaoelekea kumoja hesabu inabadilika, sema ni kugumu kuliko inavyosikika. Helsinki walijaribu 2012, huduma iliitwa Kutsuplus, vibasi vidogo unaviita kwa simu na kompyuta inapanga njia kufuatana na walioita. Waliotumia waliipenda, lakini vibasi vilikuwa vichache, kila safari ilihitaji ruzuku kubwa, na mwisho wa 2015 ikafungwa. Huduma ya aina hii inataka magari mengi na abiria wengi kwa pamoja ndo njia zao zifanane, ukianza na vichache unamzungusha abiria mpaka anajuta. Na ukianza na vingi unafilisika kabla abiria hawajaja.

SWALI: Nasikia kuna miji unalipa hela kuingia katikati na gari lako. Huo si wizi? Barabara tumeshailipia kodi. Na atakayeumia ni mnyonge kama kawaida.

JIBU: Unalipa sasa hivi pia, ila kwa dakika badala ya hela, na dakika hizo hazimfikii mtu yeyote, zinaungua tu na mafuta. Aliyelisema hili mapema ni mchumi William Vickrey, alianza miaka ya 1950, wakamuona kama amechanganyikiwa. Mwaka 1996 akapewa Nobel na siku tatu baada ya kutangazwa akafariki. Alikuwa anafundisha New York, na New York yenyewe imeanza kutoza Januari 2025.

Singapore ndio waliotangulia, 1975, na vibali vya kubandika kwenye kioo, kisha mitambo ya elektroniki 1998. London wakaanza 2003 kwa pauni 5, mwaka wa kwanza msongamano ndani ya eneo lile ukapungua kama asilimia 30, ingawa miaka michache baadaye ulirudi karibu kule kule, kwa maelezo kwamba barabara zilichimbwachimbwa sana kwa ukarabati na nafasi nyingine wakapewa mabasi na watembea kwa miguu.

Nnaowapenda mimi ni Stockholm kwa sababu walifanya kama watafiti. Watu wengi walikuwa wanapinga, wakaambiwa haya, tunajaribu kwa miezi saba tu, Januari hadi Julai 2006, kisha tunazima na mtapiga kura. Magari yanayovuka mpaka wa eneo yakapungua kama asilimia 20. Unaweza kusema 20 si kitu, lakini kumbuka sufuria lililojaa, hauhitaji kumwaga nusu, ukipunguza kidogo tu haitikisiki tena. Foleni zikapungua kwa namna watu wanaona kwa macho, mtozo ukazimwa, foleni zikarudi, na kura ya Septemba walio wengi ndani ya jiji wakasema ndiyo. Ikawa ya kudumu Agosti 2007.

Kuhusu mnyonge una hoja na sikubishii. Ila angalia kwanza nani anaingia katikati ya mji saa mbili asubuhi na gari lake mwenyewe, na nani yuko kwenye basi lililokwama nyuma ya gari hilo. Hela ikirudi kwenye mabasi huyo wa pili anafaidi mara mbili. Ikiishia kwenye mfuko usiojulikana basi uite wizi na mimi nitakuwa upande wako. London sheria ilitaka makusanyo yatumike kwenye usafiri, na nadhani bila hilo isingedumu.

SWALI: Kwa nini leni ya mabasi inakuwa tupu wakati sisi tumebanana pembeni? Waturuhusu tuingie.

JIBU: Inaonekana tupu kwa sababu inafanya kazi. Basi moja la watu 60 likipita kila dakika ni watu 3600 kwa saa, na utaona lami tupu muda mwingi. Leni yako ikienda vizuri kabisa ni magari 2000, mengi yana mtu mmoja, tuseme jumla 2600. Na haiendi vizuri. Mabasi ya TransMilenio ya Bogotá, yaliyoanza mwisho wa mwaka 2000, kwenye njia yake yenye shughuli nyingi yanabeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa upande mmoja. Hapana, usiingie.

SWALI: Je, ile apu moja ya kulipia kila kitu, basi, treni, teksi, baiskeli, kwa kifurushi cha mwezi kama cha intaneti, ndo itatuokoa?

JIBU: Wazo tamu, nililipenda sana. Whim ya Helsinki ilianza hivyo 2016 na dunia nzima ikaenda kujifunza, kampuni yake ikafilisika 2024. Mtu wa kawaida asubuhi anapita njia ile ile moja na tiketi yake anayo, hana haja ya njia tisa. Na anayekusanya hela kwa ajili ya basi la mwingine na teksi ya mwingine anabaki na makombo. Apu haiwezi kuwa nzuri kuliko basi lililo nyuma yake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nataka kufanya utafiti mdogo wa foleni kwa ajili ya ripoti ya chuo. Sina vifaa wala hela. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na kiti, saa na daftari, mdogo wangu. Chagua barabara moja tu, ukichukua mji mzima utachoka wiki ya kwanza. Hesabu magari kwa vipande vya dakika 15, tenganisha madogo, mabasi, malori, pikipiki, na hapa ndo wengi wanakosea: kadiria na watu walio ndani. Ukihesabu magari peke yake ripoti yako itapendekeza mambo ya magari.

Kupima muda wa safari, mweke mwenzako mwisho wa kipande, kila mmoja aandike tarakimu tatu za mwisho za namba ya gari na saa lilipopita, jioni mnalinganisha, mkimaliza mnazichana hizo karatasi maana namba za watu si za kuweka. Fanyeni Jumanne mpaka Alhamisi, Jumatatu na Ijumaa zina tabia zao, na siyo siku moja.

Usiishie kwenye wastani. Njia ya dakika 40 kila siku watu wanaizoea, ila njia ya dakika 25 ambayo siku nyingine ni 70 inawatoa watu jasho, kwa sababu inabidi watoke nyumbani kana kwamba kila siku ni 70. Andika na siku mbaya kuliko zote, uulize wasafiri huwa wanajiwekea akiba ya dakika ngapi. Jibu hilo halimo kwenye ramani ya simu.

Na beba kofia, jua la barabarani silo la darasani.